Ngazi ya Kumpandisha Mama Mkwe

Wengi wenu mmeniuliza kama ni kweli nilimsafirisha mama mkwe wangu kutoka Likuyani mpaka kwenye misitu ya juu ya Nyahururu, ndani ya kile chumba ninacholala mimi. Wengine mmeuliza mkicheka, wengine kwa sauti ya chini kama watu wanaouliza habari za msiba. Ni kweli. Ninaiandika yote hapa kwa sababu nikiieleza kidogo kidogo sokoni Kakamega, kila mtu anaongeza yake.

Gari langu mnalijua. Ni pikapu kuukuu, na mgongoni seremala alinijengea chumba cha mbao nyembamba chenye paa la bati, dirisha moja na mlango wa nyuma. Watoto wanakiita nyumba ya kuku. Nilikitaka kwa sababu tangu nimalize kidato cha nne sijajua kutulia. Nimekuwa utingo, nimeuza mitumba, nimetengeneza redio kwenye masoko ya mbali, na kila nikipita barabara niliyoipita nikiwa kijana natamani kulala palepale, niamke nione kama asubuhi yake bado ina ile harufu.

Mama mkwe amebakiwa na ndugu mmoja tu, Mjomba Festo, aliyeondoka akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao huko msituni, akakaa huko moja kwa moja. Mwezi wa saba alituma neno kwa dereva wa lori kwamba miguu imemkataa, na kwamba angependa kumwona dada yake wakati macho bado yanaona. Mama mkwe akasema ataenda. Lakini nyonga yake imeharibika. Akikaa mwendo mrefu amekunja miguu, hasimami tena. Alihitaji gari ambalo mtu analala amejinyoosha, na katika ukoo wetu gari la namna hiyo ni langu.

Walio wa kwetu mmeshaiona shida. Kwa wengine nieleze: kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hatusalimiani kwa mkono, hatukai benchi moja, na yeye haoni kitanda changu. Kitanda nilikitoa nje, nikajenga benchi pana na kuweka godoro jipya. Mimi ningelala kwenye kiti cha mbele. Hilo lilikuwa rahisi. Kilichobaki ni mlango. Uko juu ya kiuno changu, na mimi huingia kwa kukanyaga bampa na kujirusha. Mama mkwe hajirushi. Selina, mke wangu, ni mwembamba kama ufito, hawezi kumbeba mama yake. Na mimi mwenye nguvu ndiye mtu pekee katika safari ambaye haruhusiwi kumshika. Kwa hiyo ngazi ndiyo ingefanya kazi ya mikono yangu. Ikikosea, mama mkwe hamwoni ndugu yake.

Lurambi

Kwanza nilijaribu kreti ya soda chini na kigoda juu yake. Selina alipanda mara moja, kigoda kikaenda upande wake na kreti upande wake. Nikajaribu ngazi ya mbao ya kuegemeza, ile ya kupandia paa. Selina akaniuliza, "Unataka mama apande kama mtu anayeiba mapapai?" Nikaiweka kando. Kuna bamba la chuma linalokunjuka kwenye bampa, nimeliona kwenye malori ya watalii. Ni zuri, linakunjwa na kusahauliwa, lakini kidato ni kimoja, na kati ya hicho na mlango bado kuna mlima.

Ndipo Selina akasema, "Lakini kanisani mama anapandanga mwenyewe kila Jumapili. Hashikwi."

Maneno hayo yalinitoa gizani. Nilikwenda Likuyani, nikasimama mbele ya ngazi za kanisa lao, nikapima. Sikuwa na futi. Nilikuwa na muwa niliotoka nao Kakamega, nikautia alama kwa kisu: hapa urefu wa kidato, hapa upana wa mahali pa kuweka mguu. Nilirudi nao mpaka Lurambi kwa fundi wa kuchomelea vyuma, Shem, rafiki yangu wa tangu shule. Nikauweka juu ya meza yake, nikamweleza tunataka ngazi ya chuma yenye vidato vitatu, ya kuning'inia mlangoni kwa kulabu ili ikivuliwa ilale chini ya benchi. Kisha nikaenda kutafuta chai.

Niliporudi, Shem alikuwa anatema makapi.

"Asante kwa muwa, ndugu yangu. Ulikuwa laini sana."

"Shem! Huo ulikuwa kipimo!"

"Kipimo gani? Mtu akikuletea muwa unapimanga nini?"

"Hukuona alama za kisu?"

"Niliona. Nikasema, huyu mtu ana roho nzuri, ameanza kunimenyea."

Wateja wake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini siku ya kuondoka ilikuwa imekaribia sana na hapakuwa na nafasi ya kurudi Likuyani kupima tena. Nikampa Shem vipimo kwa kichwa. Kazi yake niliisifu na bado naisifu: kila kiungo kilikuwa safi, hakuna ncha ya kukata mkono. Sema tu kwamba kichwa kilichotoa vipimo hukaa juu ya miguu mirefu.

Likuyani

Tulipita Webuye, tukafika Turbo, tukakata kushoto kwenye vumbi. Mahindi ya Likuyani mwezi wa nane yanasimama pande zote mbili kama watu waliojipanga kumlaki mgeni, na hewa ina harufu ya ndevu zake changa. Nilipunguza mwendo bila sababu ila kupendezwa.

Mama mkwe alikuwa tayari, amevaa kitambaa cheupe cha kanisani na koti la marehemu baba mkwe. Wanawake wenzake wa kanisa walikuja kumsindikiza. Alilizunguka gari, akaitazama ngazi, kisha akamwambia Selina, ingawa nilikuwa nimesimama karibu na kusikia kila neno, "Mwambie Baba Linet ametengeneza kitu kizuri."

Linet ni binti yetu. Mama mkwe huniita hivyo, na maneno yake hunifikia kwa kupitia Selina.

Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Nyonga ikakataa. Akajaribu mguu mwingine, akajivuta, mguu wa nyuma ukapapasa hewani, akaanza kuinama upande. Mikono yangu ilitoka yenyewe.

"Usiniguse!" Hilo alinipigia kelele mimi moja kwa moja, halikupitia kwa mtu. "Wacha nianguke!"

Nikaganda na mikono mbele. Selina na wanawake wawili walimdaka. Alipokaa kwenye kiti alikuwa anahema.

"Vidato ni virefu," Selina aliniambia kwa upole. "Hivi ni vya kwako."

Mama mkwe akalinyoosha koti lake. "Mwambie Festo," akasema, "dada yake alivaa nguo akafika mpaka kwa gari."

Yaani safari imekwisha. Nawaambia ukweli, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipofeli mtihani.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja mnene wa kanisa, jirani yao. "Nyinyi mnalia na huku kwangu kuna mahali pa kupakia mahindi?" Kumbe shambani kwake kuna tuta la udongo lililozungushiwa magogo, trela hurudi nyuma mpaka pale na magunia yanavingirishwa ndani bila kuinuliwa. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka sakafu ya chumba ikagusana na tuta. Mama mkwe akatembea na fimbo yake juu ya tuta, akaingia mlangoni akiwa wima kama anaingia kwake.

"Mwambie Baba Linet nimekuwa mahindi," sauti ikatoka ndani. "Asinipeleke tu kwa mashine ya kusaga."

Eldoret

Kila mtu aliyesafiri na mzee anajua kwamba hawezi kukaa ndani siku nzima. Kwa hiyo kutoka Likuyani mpaka Eldoret sikutazama barabara kama dereva. Nilitazama kingo zake. Kila penye ukingo wa udongo uliosimama sawa na sakafu yetu, nilirudi kinyumenyume na mama mkwe akatoka kunyoosha miguu. Nimepita barabara hiyo tangu nikiwa utingo na sikuwahi kujua ina kingo nzuri hivyo.

Mjini tulimpata kijana wa Kinandi anayechomelea mageti. Nikamwonyesha ngazi.

"Hii imetengenezwa na mtu anayejua," akasema.

"Anajua. Alikula kipimo."

Ilibidi nimweleze. Alipomaliza kucheka aliuliza kipimo kipya kiko wapi. Hapo mama mkwe akagonga ukuta kutoka ndani. Alikuwa amesikia yote. Akasimama ameshika benchi, akainua mguu wake taratibu mpaka pale nyonga ilipoanza kulalamika, akaushusha kidogo. "Selina, weka alama hapo." Selina akachukua kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko letu, akachora mstari kwenye ubao wa mlango. Katika safari yote hiyo ya kutafuta ngazi, nilikuwa nimempimia Selina, nimejipimia mwenyewe, nimelipimia kanisa. Mguu wenyewe ulikuwa haujaulizwa.

Yule kijana alivikata vidato vyote na kuvipanga upya kwa kuufuata mkaa, akaongeza kimoja chini. Aliichomelea bomba la maji kila upande la kushikia, na akaipa miguu yenye matundu na pini ili upande mmoja uweze kurefushwa ardhi ikiwa imeinama. Hilo la miguu alilifikiria mwenyewe. Ningekuwa tajiri ningemwajiri aniboreshee maisha yote.

Mama mkwe akashuka. Alishika mabomba, akageuka akarudi kinyumenyume kama mtu anayeshuka mtoni kuteka maji, kidato kwa kidato, na mimi nikiwa nimesimama mbali ninatazama mageti. Yule kijana alizima mashine yake mpaka mguu wa mwisho ulipogusa ardhi. Kisha tukala. Mama mkwe alikuwa amebeba ingokho, kuku mzima, na obusuma, ugali uliofungwa kwenye jani la mgomba, ungali na joto kidogo katikati. Yeye na Selina walikula upande mmoja wa gari, mimi na kijana upande mwingine, na paja lilinifikia kwa kupitia chini ya gari.

Timboroa

Huko juu baridi haina mzaha. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, misonobari imevaa ukungu, na nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukishuka hapa kwenye lori tukiwa vijana na kupasha mikono kwenye injini. Wauza viazi na karoti walikuwa wamejipanga kando ya barabara chini ya karatasi za nailoni.

Mama mkwe alitaka kushuka. Chuma kilikuwa kimelowa, na kiatu chake kilianza kuteleza kwenye kidato cha pili. Akasimama hapo, ameng'ang'ania mabomba. Selina alikuwa amekwenda kutafuta choo. Mimi nikageuka kutazama msitu, kama inavyonipasa.

"We mzee!" Mwanamke mmoja muuza viazi aliinuka. "Huna aibu? Mama yako anahangaika na wewe unahesabu miti?"

"Si mama yangu. Ni mama wa mke wangu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi! Umechukua binti ya watu, hata mkono wa kumpa mama yake umekushinda?"

Wenzake wakaanza. Mmoja akasema watu wa chini huko ni wavivu. Mwingine akauliza kama nimelipa mahari au nimeahidi tu. Yule mwanamke akaenda mwenyewe, akamshika mama mkwe kiuno na kumteremsha kama debe la maziwa.

Mama mkwe alipotulia chini, akajifunga koti, akamtazama. "Asante, mama. Lakini huyo usimgombeze. Huyo ni kijana wa heshima. Angenishika ndiyo ningelia."

Akaeleza desturi yetu kwa utaratibu, huku yule mwanamke akisikiliza ameshika kiuno. Mwisho akaniangalia tena, kuanzia juu mpaka chini. "Kwa hiyo akikaa mbali ndiyo anakupenda?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi wangu ananipenda sana. Yuko Mombasa."

Walicheka wote, mama mkwe akicheka kuliko wote, na tukaongezewa viazi juu ya tulivyonunua. Mvua ilipopungua nilipata tairi bovu lililotupwa kando ya kibanda. Nikalikata vipande na kuvifunga kwa waya juu ya kila kidato. Tangu hapo hakuteleza tena.

Nakuru mpaka Nyahururu

Barabara ya kushuka kuelekea Nakuru ni ile ambayo mtu akiipita mara moja anaitamani maisha yake yote. Bonde linafunguka bila kukuandaa. Nilisimama mahali palipotulia, nikatundika ngazi, nikarefusha mguu mmoja kwa pini kwa sababu ardhi iliinama. Mama mkwe hakushuka. Alikaa mlangoni, miguu kwenye kidato cha juu, akatazama.

"Festo alipita hapa akiwa kijana," akamwambia Selina. "Hakuniambia."

Tulikaa hapo mpaka chai ikaisha kwenye chupa.

Nyahururu tulichelewa kwa pancha, na mwenye kuziba alikuwa amealikwa arusini. Tukaingia hotelini, mimi meza yangu na wao yao, tukaletewa mukimo, rundo la kijani lililopondwa viazi, mahindi na majani yote pamoja. Mama mkwe alilitazama. "Selina, uliza ni nani ametutafunia." Alikula hata hivyo, akasema ni chakula cha watu wenye huruma kwa wasio na meno, na akaomba aongezwe. Mwenye hoteli alifurahi, maana hakusikia sehemu ya kwanza.

Kwa Mjomba Festo

Kiwanda cha mbao kiliacha kufanya kazi zamani, lakini kambi ya wafanyakazi bado ipo, nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo kwa sababu ya unyevu wa msitu. Harufu ya mwerezi iko kila mahali. Tulielekezwa nyumba ya mwisho.

Mama mkwe alishuka mwenyewe, akashika fimbo, akatembea mpaka chini ya mlango. Mlango ulikuwa juu, kiasi kilekile cha mlango wa gari langu. Mbele yake palikuwa na mabaki ya ngazi ya mbao iliyooza, na gogo lililochongwa vijinafasi vya kukanyagia ambalo vijana wa jirani hupanda wakimletea chakula.

"Festo!"

Ndani kitu kilijikokota. Mzee mrefu, mweupe kichwa chote, akatokea mlangoni akitambaa kwa makalio, akakaa kizingitini. Walitazamana. Dada chini, kaka juu. Akanyoosha mkono, naye akanyoosha wake, na vidole havikufikiana.

"Shuka nikuone," mama mkwe akasema.

"Nitashukia wapi? Ngazi ilioza. Tangu mvua ya mwaka jana sijakanyaga chini."

"Hawa watu hawakukujengea nyingine?"

"Walinijengea hiyo." Akaelekeza kidevu kwenye gogo. "Wenyewe wanarukanga kama tumbili, wanafikiri watu wote ni tumbili."

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kurudi kwenye gari. Nilizivua kulabu, nikaibeba ngazi begani, nikaitundika kwenye kizingiti cha Mjomba. Ilihitaji kurefushwa mguu wa kulia kidogo tu. Mama mkwe akapanda wa kwanza, kwa sababu alisema nyumba ya ndugu yake ataingia kwa mlango. Nilitazama miti. Waliongea huko ndani kwa lugha ya kwao mpaka jua likahamia upande mwingine wa paa, mara wanacheka, mara wananong'ona.

Kesho yake asubuhi Mjomba alitaka kushuka. Yeye nilimshika. Hakuna aliyenikataza. Nilimshika chini ya makwapa, mifupa mitupu, naye akashika mabomba ya yule kijana wa Eldoret, na mama mkwe akimwita kutoka chini, "Haya, mguu. Mwingine. Usiangalie chini, kuna nini chini?" Alipokanyaga majani alikaa kidato cha mwisho, akafumba macho jua likimpiga usoni. Majirani walitoka kwenye nyumba zao kuja kumsalimia kama mtu aliyerudi kutoka mbali.

Siku ya kurudi ilipofika niliifungua ngazi. Mjomba alikuwa ndani. Nilimwona akiitazama ikitoka.

"Selina," mama mkwe akasema, "mwambie Baba Linet airudishe hiyo ngazi pale."

"Na wewe, mama, utapandaje gari?"

"Sipandi. Mimi nabaki na huyu." Alisema kama mtu anayesema atanunua chumvi. "Nyinyi nendeni. Mwambie Baba Linet atengeneze nyingine, aje nayo siku nikituma neno."

Selina alibishana naye kidogo kwa ajili ya adabu. Mimi nikaitundika ngazi tena. Safari hii niliifunga kwa misumari pia, nikakaza pini, nikajaribu kila kidato kwa uzito wangu wote mpaka nikaridhika.

Tulipokuwa tunaondoka nilipunguza mwendo ili Selina atazame kwenye kioo. Mjomba alikuwa amekaa kidato cha chini, miguu yake ndani ya karai la maji ya moto, na dada yake ameinama mbele yake na wembe, anamkata kucha na kumgombeza kwa jinsi zilivyokuwa ndefu.